Boti Inayokata Kushoto

Pale kona ya Shangani, hapa Mtwara, njia inapoteremka kwenda ufukweni, kuna benchi la mninga la watu wanne, watano wakibanana. Usiniulize lilitoka wapi. Mimi nililikuta, nikaweka birika langu pembeni yake, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nauza kahawa hapo. Jina langu Bakari, lakini wao wananiita Birika na nimeshachoka kukataa. Benchi lenyewe sijawahi kulikalia hata siku moja, maana muuza kahawa hakai, anazunguka na vikombe. Lakini ndilo linalonilisha. Mtu aliyesimama anakunywa kikombe kimoja anaondoka zake. Mtu aliyekaa anabishana, na anayebishana koo linamkauka. Kwa hiyo mkiniona nina hasira katika habari hii, mjue sababu yake: ilikuwa Ijumaa alasiri, na kesho yake lile benchi lilikuwa linaweza kuhamia Mikindani.

Kosa ni la Kapteni. Kapteni ni Fredi, mtu wa Njombe, kazi yake kufungua na kufunga geti bandarini. Hajawahi kupanda chombo chochote kinachoelea, lakini ukimsikiliza utadhani meli zote zinaingia kwa idhini yake. Mwaka jana alitushawishi tuunde boti ya rimoti, tukashindane na kijiwe cha Mikindani. Bodi aliichonga Andrea, fundi wa vinyago kutoka Mahurunga, tunayemwita Mpingo kwa sababu hachongi kitu kingine ila mpingo. Na boti akaichonga kwa mpingo. Miezi mitatu. Nilikuwa sijaona boti nzuri vile tangu nizaliwe, na ilizama kabla mota haijawashwa.

Maji yalipokupwa, watu wa Mikindani wakaiokota. Mpaka leo iko dukani kwa Kamran, mkubwa wa kijiwe chao, imewekwa chini, inazuia mlango usipigwe na upepo. Andrea akiwa na safari ya Mikindani hupita njia ya nyuma asiione.

Mwezi uliopita Kapteni alikwenda kuidai. Kamran akamwambia sawa, tushindane tena, safari hii kwenu Shangani, mkishinda mnaichukua. Je, mkishindwa mnatoa nini? Kapteni akasema, "Benchi." Hakumuuliza mtu. Mimi habari nililetewa na muuza karanga.

Basi boti ya mwaka huu imechongwa kwa msufi, mti mwepesi, na urefu wake ni kama ndala ya mtu mzima. Shafti ni spoku ya baiskeli iliyotoka dukani kwa Iqbal, ambaye anauza spea za baiskeli na pikipiki na tunamwita hivyo hivyo, Spea. Hiyo spoku imepitishwa ndani ya kipande cha antena ya redio, kikashindiliwa grisi ili maji yasipande ndani. Huku nyuma kuna propela iliyokatwa kwenye kopo la maziwa. Huku ndani kuna kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, kinaunganisha spoku na mota ya gari la kuchezea. Usukani ni kibati, na unavutwa na waya mwembamba kutoka kwenye kimota kingine kidogo kinachosikia rimoti. Mimi ni muuza kahawa. Mambo haya nimeyajua kwa lazima, kama mtu anavyojua maradhi ya jirani yake.

Tatizo la boti lilikuwa moja tu. Inakata kushoto.

Na wamejuaje kwamba inakata kushoto? Kwa beseni langu. Kapteni alitoa amri kwamba boti haigusi bahari mpaka siku ya mashindano, maana Mikindani wana macho kila mahali na hatutaki aibu ya mwaka jana ijirudie mbele za watu. Bahari iko hatua mia mbili kutoka pale, mnaisikia mkinyamaza, lakini majaribio yote yakafanyika ndani ya beseni langu kubwa la buluu la kuoshea vikombe, limefichwa nyuma ya benchi na kufunikwa khanga. Wiki mbili naosha vikombe kwa jagi.

Ijumaa ile walikuwepo wote wanne. Wa nne ni Mwalimu Faraja, mstaafu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na bado kipindi chake hakijaisha. Iqbal akafunua khanga, akaiweka boti majini, akabonyeza rimoti. Ikanguruma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, ikakata kushoto, ikazunguka, ikarudi ilikotoka.

Iqbal: Kushoto.

Andrea: Kushoto tena.

Mwalimu: Nilisema.

Kapteni: Ulisema nini, Mwalimu?

Mwalimu: Nilisema itakwenda kushoto.

Kapteni: Hilo hata Birika angelisema.

Nikamwambia mimi sina la kusema, mimi nataka beseni langu.

Iqbal: Sasa nawaambia kwa mara ya mwisho, shafti haina kosa. Hii ni spoku ya nne. Nimeiviringisha juu ya kioo cha kaunta leo asubuhi, wateja wanaona. Imenyooka kuliko safu ya swala ya Ijumaa.

Kapteni: Na zile tatu za kwanza?

Iqbal: Nazo zilikuwa zimenyooka.

Kapteni: Mbona ukazitoa?

Iqbal: Si mlinilazimisha nyinyi?

Kapteni: Iqbal, wewe ni mtu wetu. Mimi nakupenda. Lakini Kamran ni shemeji yako.

Iqbal: Shemeji na spoku vinahusiana nini?

Kapteni: Mimi sijasema kitu. Nimesema ni shemeji yako.

Iqbal: Ni kaka wa mke wangu, ndiyo. Na ana mwaka wa sita hajanirudishia ngazi yangu. Nikitaka kubadilisha taa ya dukani napanda juu ya ndoo. Unadhani mtu kama huyo nitamsaidia apate na benchi?

Hapo Kapteni akaiacha habari ya shemeji, maana ya ngazi sote tunaijua.

Kapteni: Basi kama siyo shafti, ni mawimbi ya redio. Mimi nafanya kazi bandarini.

Andrea: Getini.

Kapteni: Geti liko wapi?

Andrea: Bandarini.

Kapteni: Ahsante. Sasa pale kila meli inayoingia ina redio, na wale wa mnarani wana redio, na walinzi wana redio. Mawimbi yote hayo yanatoka kule. Na kule, tukikaa hapa, ni wapi?

Mwalimu: Kushoto.

Kapteni: Mimi nimemaliza.

Andrea: Na nikigeuka?

Akasimama, akageuka, akaipa bahari mgongo. Bandari ikawa kulia kwake. Wote wakamtazama. Kapteni akafikiri, akaamuru beseni nalo ligeuzwe. Wakalishika wawili, wakaligeuza taratibu maji yasimwagike, kisha wakabishana kwa muda kama limegeuka vya kutosha. Iqbal akawasha. Kushoto.

Kapteni: Mawimbi yanazunguka nayo. Wajanja sana hawa wa mnarani.

Andrea: Siyo redio. Ni mti.

Andrea husema maneno machache, na akisema watu husogea. Amechonga tangu ana miaka kumi na miwili, na mti ukilalamika yeye anausikia.

Andrea: Huu msufi niliukata Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Ulikuwa umeinama. Shina huku, matawi yote yanatazama ng'ambo, Msumbiji. Umekua miaka mingi unatazama ng'ambo. Ukiuchonga, ubao haujasahau.

Mwalimu: Kwa hiyo boti inataka kwenda Msumbiji.

Andrea: Sijasema inataka. Nasema inaelekea.

Kapteni: Mkataa kwao mtumwa.

Iqbal: Sasa hiyo methali inamsaidia nani? Tuitafutie pasipoti?

Andrea: Ndiyo maana Jumatano nilitoboa tundu jipya la shafti, nikalilaza kulia kidogo. Ili propela iusukume mti usahau.

Iqbal: Ukalilaza kiasi gani?

Andrea: Kwa jicho.

Iqbal: Na tundu la zamani?

Andrea: Nimeliziba. Vumbi la mbao na supaglu. Hilo halifunguki tena mpaka Kiyama.

Nikawamiminia kahawa, kwa sababu niliona Mwalimu anavua miwani. Mwalimu akivua miwani ujue somo linaanza.

Mwalimu: Nyote mnazungumzia boti. Boti haina kosa. Spoku haina kosa. Tatizo ni ardhi. Nawauliza swali la darasa la tano. Gesi inayosafishwa Madimba inakwenda wapi?

Kapteni: Dar es Salaam.

Mwalimu: Kwa bomba. Usiku na mchana. Sasa kitu kikitoka mahali kikaenda mahali, mahali kilipotoka panakuwaje?

Andrea: Patupu.

Mwalimu: Pepesi. Upande mmoja wa Mtwara umekuwa mwepesi, unanyanyuka. Upande wa pili unashuka. Sisi tumekaa juu ya benchi hatusikii, kwa sababu tunanyanyuka pamoja nalo. Lakini maji hayadanganywi. Maji ndani ya beseni hili yamelala upande.

Wote wakainama kutazama maji. Na mimi nikainama, Mungu anisamehe.

Iqbal: Mbona mimi nayaona yako sawa?

Mwalimu: Kwa sababu na wewe umelala upande.

Iqbal: Mwalimu, hizo ni kamba sasa.

Mwalimu: Mwaka gani ulianza kuumwa kiuno?

Iqbal: Ule mwaka... hapana, ngoja.

Mwalimu: Mwaka gani bomba lilijengwa?

Iqbal akashika kiuno chake. Kapteni akaniangalia mimi, akaniuliza, "Na wewe Birika, wasemaje? Wiki mbili unanuna tu." Nilikuwa nimeapa sitajiingiza. Lakini mtu ukiulizwa mbele za watu, na kesho kazi yako inaondoka, utajizuiaje? Nikasema ninavyoona mimi, skrubu za usukani zimefungwa na Fredi, na Fredi anatumia mkono wa kushoto. Alipokuwa anaukaza ule waya alikuwa anauvuta upande wake. Nikasema mtu wa kushoto hutengeneza vitu vya kushoto, hata soksi.

Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nikajisikia vizuri, sikatai. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Kapteni: Sawa. Nakubali mkono wangu. Kwa hiyo waya tuufupishe, tuuvute usukani ubaki kulia kidogo hata kama rimoti haijasema kitu. Samaki mkunje angali mbichi.

Iqbal: Waya ukishakatwa haurefuki.

Kapteni: Wewe lete plaizi.

Akakata waya, akaukunja ncha, akaubana kwenye kimota. Akabana tena. Akabana mara ya tatu, plaizi ikavunjika mpini.

Kapteni: Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Iqbal: Ni mwisho wa plaizi yangu.

Mwalimu: Na kwa ajili ya ardhi tuongeze uzito upande wa kulia. Kitu kizito, kidogo, cha chuma.

Wakatazamana. Kisha wote wakamtazama Iqbal, ambaye alikuwa ametoka kufunga duka na funguo ziko mkononi. Alikataa. Walimbembeleza kwa kikombe kizima cha kahawa. Alikwenda, akarudi na kufuli la duka, wakalifunga ubavuni mwa boti kwa uzi wa kushonea viatu.

Nikamuuliza, "Na duka je?"

Iqbal: Nimelifunga kwa kamba.

Andrea: Na wezi?

Iqbal: Nimefunga fundo ambalo hata mimi silijui.

Boti ilikaa majini imeinama kama mzee anayetafuta sarafu. Iqbal akabonyeza. Ikaenda kidogo, ikayumba, ikakata kulia. Ikazunguka. Ikarudi ilikotoka.

Kuku wa jirani alipita.

Kapteni: Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Iqbal: Fredi, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu usiseme methali nyingine leo.

Mwalimu: Tumepitiliza, basi. Ardhi haikuwa imenyanyuka kiasi hicho. Hamisheni kufuli katikati.

Wakahamisha kufuli katikati. Iqbal akawasha, na safari hii boti ikanyooka. Nawaambia ilinyooka, nimeiona kwa macho haya, kiasi cha shibiri moja na nusu. Nikaliona benchi limebaki, nikajiona mwakani niko hapo hapo. Halafu ikafika ukingoni, ikagonga, ikakata kushoto.

Kapteni: Mmeona? Mmeona nyote? Ilitaka kunyooka, ikazuiwa.

Andrea: Nimeona.

Kapteni: Hicho siyo kitu cha kawaida. Kuna kitu kimeizuia.

Mwalimu: Kama imekutana na kitu.

Kapteni: Mikindani. Wamezindika. Kuna mtu wao kapita hapa kaweka kitu.

Iqbal: Kamran hawezi hata kuweka bei kwenye bidhaa zake, atazindika boti?

Kapteni: Sikilizeni. Mimi sina wasiwasi. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Chetu kina usukani?

Andrea: Kina.

Kapteni: Kwa hiyo hakizami.

Andrea: Cha mwaka jana nacho kilikuwa na usukani.

Sauti yake ilishuka aliposema hivyo, na Kapteni akatazama viatu vyake. Andrea alikuwa ameuchonga ule usukani wa mpingo kwa kisu kidogo, mwembamba kama kucha, na sasa uko chini ya mlango wa watu. Nilimhurumia. Nikamwongezea kahawa bila kuulizwa, na mimi si mtu wa kuongeza bila kuulizwa.

Mwalimu: Nina njia. Tukubali kwamba inakata kushoto. Tusipigane nayo. Kesho bendera ya kumalizia itakuwa mbele yetu, siyo?

Kapteni: Mbele, kwenye mashua ya mzee Abdallah.

Mwalimu: Basi tusiielekeze mbele. Tuielekeze kulia, kule kwenye miamba. Itakata kushoto, na katika kukata huko itaikuta bendera njiani.

Iqbal: Na ikikata kulia?

Mwalimu: Tutaielekeza kushoto.

Iqbal: Tutajuaje itakata upande gani?

Mwalimu: Tutaijaribu asubuhi kwenye beseni.

Kapteni alimpa mkono. Nawaambia ukweli, na mimi niliona ni mpango.

Ndipo akaja yule dada. Alitokea upande wa nyumba mpya, mkoba begani, daftari kubwa kwapani, akasimama pembeni ya birika langu. Kapteni kwa haraka akatupa khanga juu ya beseni, nusu ikalowa.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote kwa pamoja kama wameshikwa.

Akaniomba kikombe kimoja na kashata. Akasema anaitwa Glory, ni mwalimu wa chekechea, amehamia wiki hii, na ameambiwa akisimama kona hii bajaji itapita. Nikamwambia itapita, lakini sikumwambia saa ngapi.

Kapteni: Karibu sana, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwalimu: Chekechea. Kazi nzuri. Mimi nilikuwa na wakubwa.

Glory: Wadogo ndio wagumu, mwalimu. Wanauliza.

Iqbal: Una ndugu Mikindani?

Glory: Mimi? Kwetu Moshi. Mikindani sijafika.

Hapo Kapteni akashindwa kuvumilia. Mtu amekaa na siri wiki mbili, na huyu hapa mtu mpya kabisa ambaye hajasikia kitu. Akaivuta khanga. Akamwonyesha boti. Akamweleza yote: benchi, mlango wa Kamran, spoku nne, antena, grisi, mpira wa petroli, tundu jipya la Andrea, waya uliofupishwa, kufuli. Mwalimu akaongezea gesi. Andrea akaongezea mti. Mimi nikajikuta naongezea mkono wa kushoto. Yule dada alisikiliza akipuliza kahawa yake, anaitikia "ehe", "ehe", anavyofanya mtu aliyezoea kusimuliwa habari ndefu na watu wenye kamasi.

Glory: Na hiyo kesho mnashindania wapi?

Kapteni: Hapo baharini. Saa nne, maji yakijaa.

Glory: Baharini mmeshaijaribu?

Kapteni: Hatuwezi, dada. Bahari ina macho. Tunaijaribu hapa. Iqbal, mwonyeshe.

Iqbal akabonyeza. Boti ikaenda, ikafika ukingoni, ikakata kushoto, ikazunguka, ikarudi ilikotoka. Kapteni akamtazama mgeni kwa uso wa daktari aliyemwonyesha mtu picha ya eksirei.

Kapteni: Umeona mwenyewe.

Glory akainama. Akaizungushia kidole ile boti kwa mbali, kufuata ukingo, taratibu, mzunguko mzima. Akasimama wima.

Glory: Samahani, naomba kuuliza.

Kapteni: Uliza tu. Hapa hakuna swali lililowahi kutushinda.

Glory: Beseni ni la duara. Mlitaka iende wapi?

Nilikuwa nimeshika birika, nikawa nimelishika tu. Iqbal kidole chake kilikuwa bado kwenye rimoti, na boti ikaendelea kuzunguka, ikapita mbele ya kila mmoja wetu kwa zamu. Mwalimu Faraja akavaa miwani. Kapteni akafungua mdomo, na mimi najua methali ikimjia uso wake unakuwaje, akaufunga. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake kukosa.

Bajaji ikapita, kwa bahati. Yule dada akanirudishia kikombe, akashukuru, akasema ana imani tutashinda kesho, na akaondoka. Alikuwa na adabu sana. Ingekuwa heri angetucheka.

Iqbal akaizima boti.

Iqbal: Ile ya kwanza kabisa. Spoku ya kwanza. Si nilisema ilikuwa imenyooka?

Mwalimu akatazama juu.

Mwalimu: Jua bado lipo. Tuipeleke baharini sasa hivi tuone.

Andrea: Tuone nini? Tundu nimelilaza. La zamani limezibwa.

Iqbal: Waya umekatwa.

Andrea: Usukani umekazwa kulia.

Kapteni: Kwa hiyo tukiiweka baharini...

Andrea: Sasa ndiyo itazunguka kweli.

Wakaitazama. Boti iliyokuwa nzima wiki mbili zilizopita, iliyokuwa inakwenda sawasawa na dunia yake, sasa imelala na kufuli la watu tumboni. Kapteni akainua kikombe bila kunitazama. Wote wakainua. Nikainamisha birika, likatoa matone mawili na machicha. Nikawaambia kahawa imekwisha, na hawakubisha.

Ningewagombeza, na nilitamani kuwagombeza, lakini nani aliyekuwa anajaza lile beseni maji kila alasiri? Nani aliyesema habari ya soksi? Miaka kumi na tisa naosha vikombe ndani ya beseni lile, vinazunguka humo ndani kila siku, na sikuwahi kuvishangaa. Nikaitoa boti, nikaiweka juu ya mchanga. Nikaosha vikombe vyangu vyote kumi na vinne, kimoja kimoja, kwa nafasi, mikono yangu miwili ndani ya maji. Vilitakata.

Kapteni akakohoa.

Kapteni: Birika. Hivi benchi hili linaingia kwenye bajaji, au itabidi watu wa Mikindani waje na pikapu?

Andrea, kwa mazoea ya kazi, alinyoosha mkono akaanza kulipima kwa shibiri kutoka mwisho hadi mwisho, akihesabu kimoyomoyo. Alipofika katikati akasimama, akaupapasa ule ubao kwa kiganja, akarudisha mkono mapajani.

Nikamwaga maji ya beseni. Nikafuta mikono. Nikawaambia sogeeni.

Wakasogea, wakabanana, na mimi nikakaa. Kumbe limelala vizuri, na ukilikalia pale mwisho upepo wa bahari unakupata usoni. Nilikuwa sijui.